Mitandao ya Kijamii: Manufaa Yake kwa Wananchi wa Kilwa na Namna ya Kulinda Taarifa Binafsi

Mwanzoni mwa mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea kuelekea pwani ya Tanzania, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ziliwafikia wananchi kwa redio, kwa matangazo ya viongozi na kwa simu za mkononi. Mvua kubwa ilipoikata barabara kuu ya Lindi hadi Dar es Salaam katika eneo la Somanga, picha za barabara hiyo zilienea kwa muda mfupi, na msafiri aliyekuwa bado hajafunga mizigo alijua kwamba safari yake haiwezekani. Mwezi Aprili 1952, kimbunga kilipoipiga Lindi, wakazi wa pwani hii hawakuwa na chombo cha namna hiyo mikononi mwao.

Simu hiyo hiyo iliyomwonya mvuvi asiingie baharini ndiyo inayoweza kuitoa nje siri ya nyumba yake. Makala haya yanaeleza manufaa ya mitandao ya kijamii kwa wakazi wa wilaya, njia ambazo taarifa za mtu hutoka mikononi mwake, na hatua anazoweza kuchukua ili afaidike na mitandao bila kupoteza faragha yake.

Manufaa yanayoonekana

Faida ya kwanza ni kasi ya habari. Bei ya ufuta au korosho inayopatikana katika mnada hufika kijijini siku hiyo hiyo kupitia makundi ya WhatsApp ya wakulima na vyama vya msingi vya ushirika. Mkulima wa Nanjilinji au Kipatimu hahitaji tena kusubiri mtu arudi kutoka mnadani ndipo ajue bei iliyopatikana. Vivyo hivyo, mvuvi wa Songosongo anaweza kuuliza bei ya pweza au samaki Kilwa Masoko kabla ya kupakia chombo.

Faida ya pili ni soko. Mshona nguo, mpishi wa vitafunwa na fundi seremala huonesha kazi zao kwa picha bila kulipia tangazo. Wenye nyumba za wageni na waongoza watalii hutumia Facebook na Instagram kuwaonesha wageni magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981.

Faida ya tatu ni undugu. Familia nyingi za pwani zina watoto Dar es Salaam, Mtwara, Zanzibar na hata Uarabuni. Mchango wa msiba au wa harusi ambao zamani ulihitaji barua na safari sasa hukusanywa kwa siku chache. Faida hizi ni za kweli, na si nia ya makala haya kumtaka mwananchi aiweke simu yake kabatini.

Kundi la WhatsApp si baraza la nyumba

Wakazi wa pwani wanaijua vyema tofauti ya barazani na uani. Mgeni hupokewa barazani, mazungumzo ya mtaa hufanyika hapo, na mambo ya familia hubaki ndani. Aidha, aliyeketi barazani humwona kila anayemsikiliza. Akifika mtu asiyefahamika, mzungumzaji hubadili mazungumzo.

Watu wengi hulichukulia kundi la WhatsApp kama baraza, lakini kundi halina sifa hiyo. Kundi lenye wanachama 200 lina watu ambao mwananchi hajawahi kukutana nao, na kila mmoja wao anaiona namba yake ya simu. Anayesoma bila kuandika haonekani. Ni kweli kwamba WhatsApp huufunga ujumbe kwa njia ya siri unapokuwa safarini kutoka simu moja hadi nyingine, lakini ulinzi huo huishia pale ujumbe unapofika. Aliyeupokea anaweza kuuhifadhi, kuupiga picha kwenye kioo cha simu, au kuupeleka katika makundi mengine kumi. Kuufuta baadaye hakuziondoi nakala zilizokwisha kuhifadhiwa kwingine. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Taarifa binafsi ni zipi?

Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, picha, namba ya simu, mahali anapoishi, namba ya kitambulisho, akaunti ya benki na mengineyo. Miongoni mwake zipo taarifa nyeti zaidi, kama vile taarifa za afya, za watoto, za miamala ya fedha na alama za vidole.

Baadhi ya taarifa hizi hubeba mambo mengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Mfano ni Namba ya Utambulisho wa Taifa (NIDA), yenye tarakimu 20. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba. Anayerusha picha ya kitambulisho chake kundini ili asaidiwe kujaza fomu huwa ametoa kwa pamoja jina, sura, tarehe ya kuzaliwa na namba ya utambulisho, yaani mambo yale yale ambayo tapeli huyahitaji ili ajifanye ndiye yeye.

Njia nne ambazo taarifa hutoka

Njia ya kwanza ni mwenyewe. Mkulima aliyelipwa baada ya mnada huweza kuipiga picha hati ya malipo na kuituma kundini kwa furaha, au ili kuuliza kuhusu makato. Hati hiyo huonesha jina, namba ya akaunti na kiasi cha fedha. Kuanzia hapo, watu asiowajua wanajua kwamba ana fedha, ni kiasi gani na zimewekwa benki ipi. Vivyo hivyo, picha ya safari inayowekwa wakati safari inaendelea huwatangazia wote kwamba nyumba haina mtu.

Njia ya pili ni watu wenye nia njema. Hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Mgonjwa hupigwa picha akiwa kitandani ili mchango uchangwe haraka. Fedha hupatikana na mgonjwa hupona, lakini picha yake na jina la ugonjwa wake huendelea kuzunguka. Mtoto aliyepotea hutangazwa pamoja na jina lake, la mzazi na la shule. Mtoto hupatikana jioni, lakini tangazo husambazwa kwa miezi kadhaa. Panapotokea ajali barabarani, picha za majeruhi na marehemu hurushwa kabla ndugu hawajaarifiwa. Mama aliyestahili kupewa habari ya msiba na wazee, kwa taratibu na kwa maneno ya faraja, huipata kwa kufungua simu. Jambo hilo haliwezi kurekebishwa kwa kuomba radhi.

Njia ya tatu ni utapeli. Ujumbe wa kumtaka mtu atume «ile pesa» kwenye namba nyingine unafahamika na wengi. Utapeli usiofahamika sana ni ule wa kuiteka akaunti ya WhatsApp. Tapeli huiandika namba ya mwananchi katika simu yake mwenyewe, na WhatsApp hutuma namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita kwa mwenye namba halali. Kisha tapeli hupiga simu kwa sauti ya upole, akijitambulisha kuwa ni ofisa wa mikopo au msimamizi wa kundi fulani, na kuomba asomewe namba hiyo. Akisomewa, akaunti huhamia kwake. Ndani ya saa moja mjomba aliyeko Dar es Salaam hupokea maneno haya: «Shikamoo mjomba, nimekwama, naomba unitumie elfu hamsini.» Jina ni la mpwa wake na picha ni ya mpwa wake, naye hutuma.

Njia ya nne ni programu zinazopakuliwa kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya mtandao bila leseni. Programu nyingi za aina hiyo, wakati wa kujisajili, huomba ruhusa ya kufikia orodha ya majina na namba zilizomo kwenye simu, nao wakopaji wengi hukubali bila kusoma. Mkopaji akichelewa kulipa, wadai huwatumia ujumbe wazazi wake, wakwe zake, mwajiri wake na jirani zake, wakimtangaza kuwa ni mdaiwa sugu. Hapa aliyeumizwa si mkopaji peke yake. Jirani ambaye hakukopa hata shilingi moja, na wala hakutoa ruhusa yoyote, namba yake imechukuliwa kwa sababu tu ilikuwa imehifadhiwa katika simu ya mwingine. Kwa hiyo faragha ya kila mkazi iko pia mikononi mwa wale wanaomfahamu.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya faragha yake, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa haki ya kutoa maoni na kupata habari. Haki hizi mbili zinakaa pamoja, na moja haiifuti nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi na kampuni zinazokusanya taarifa za watu kufanya hivyo kwa madhumuni halali yanayoeleweka, na kuzilinda zisifike kwa wasiohusika. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na haki ya kutaka zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), iliyozinduliwa mwezi Aprili 2024, ambayo pia hupokea malalamiko.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu kila mtumiaji. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni, kutapeli, na kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa ni makosa ya jinai, hata kama aliyefanya hivyo alidhani anatania.

Hatua za kuchukua

Hatua zifuatazo hazina gharama, na mwananchi anaweza kuzitekeleza leo.

1. Kuweka namba ya siri ya ziada kwenye WhatsApp. Hufanyika kwa kufungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Tapeli akipata namba ya tarakimu sita bado atakwama.

2. Kutomsomea mtu yeyote namba ya uthibitisho inayofika kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa umma, wa benki au wa kampuni ya simu.

3. Kuchagua, katika sehemu ya Faragha, nani aone picha ya wasifu, na nani aweze kumwingiza mtu katika makundi.

4. Kutotuma picha ya kitambulisho, kadi ya benki au hati ya malipo katika kundi. Pale inapolazimu, hutumwa kwa mhusika mmoja anayefahamika.

5. Kuomba ridhaa ya mgonjwa au ndugu zake kabla ya kurusha picha, na kuomba ridhaa ya mzazi kwa picha ya mtoto. Tangazo la mtoto aliyepotea lifutwe na litangazwe kuwa limekwisha mara tu anapopatikana.

6. Kukataa ruhusa ambazo programu haizihitaji. Programu ya mikopo haina sababu ya kusoma majina ya jamaa wote wa mkopaji. Kabla ya kukopa, mwananchi ahakikishe kuwa mkopeshaji ana leseni ya BoT.

7. Kumpigia ndugu simu na kuisikia sauti yake kabla ya kutuma fedha zilizoombwa kwa ujumbe.

8. Kubonyeza *106# ili kuangalia namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, afike kwa kampuni ya simu inayohusika ili ifungwe.

Wasimamizi wa makundi wana wajibu wa ziada. Inafaa kila kundi la kijiji, la wazazi wa shule au la chama cha ushirika liwe na kanuni chache zinazofahamika, na msimamizi awe na ujasiri wa kuziondoa picha zinazomdhalilisha mtu bila kusubiri malalamiko.

Mahali pa kutoa taarifa

Ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwenda namba 15040, na mtumaji huandika pia namba ya tapeli anapotakiwa kufanya hivyo. Makosa ya mtandao huripotiwa katika kituo cha polisi. Mwathirika anashauriwa kutoufuta ujumbe husika, kwa kuwa ndio ushahidi wake. Kwa jambo linalomhusu mtoto ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi. Mkazi asiyejua aanzie wapi anaweza kufika kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata na kuelekezwa.

Wananchi wanakumbushwa kuendelea kuitumia mitandao kwa biashara, kwa elimu, kwa tahadhari za hali ya hewa na kwa kujuliana hali. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, mtumaji ajiulize swali moja: aliyemo katika picha hii, au katika karatasi hii, angekuwa amesimama hapa, angeridhia? Jibu likiwa ni hapana, au likiwa halijulikani, basi isitumwe.