Si Wingi wa Viti, ni Kutimiza Ahadi

Aghalabu wanasiasa hudai kwamba serikali haiwezi kutenda kazi sawasawa hadi ipate bunge lisilo na wapinzani. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Anayetaka ushahidi na aelekeze macho Mauritius, nchi ya visiwani iliyojipatia uhuru mwaka 1968, ambayo wakazi wake hawawazidi sana wale wa Kaunti ya Mombasa.

Kisiwa kikuu cha nchi hiyo kina maeneo bunge 20. Kila mpiga kura huchagua wagombea 3, na watatu wanaoongoza huingia bungeni. Maadamu ni vigumu chama kimoja kushinda peke yake, vyama huungana kabla ya uchaguzi na kugawana nafasi za wagombea. Upepo ukivuma upande mmoja, muungano mmoja hunyakua viti vyote 60 vya kisiwa hicho. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1982, 1995 na tena 2024, ilhali kila mara takriban thuluthi moja ya kura ziliwaendea wengine.

Je, ushindi wa aina hiyo huleta utulivu? Mwaka 1982 wananchi walimng'oa Seewoosagur Ramgoolam, aliyeongoza tangu uhuru. Hata kiti chake cha ubunge kilimponyoka. Lakini kabla ya mwaka kwisha, washindi wenyewe walifarakana. Waziri Mkuu Anerood Jugnauth aliunda chama kipya, na katika uchaguzi wa 1983 akashirikiana na chama kile kile cha Leba alichokuwa amekibwaga. Muungano wa 1995 nao ulivunjika mwaka 1997. Wahenga hawakukosea walipoamba kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Hebu tulinganishe na mwaka 2000. Jugnauth na Paul Bérenger waliwaeleza wapiga kura waziwazi kwamba wakishinda, wa kwanza angekuwa Waziri Mkuu kwa miaka 3, naye wa pili angemalizia 2 iliyosalia. Walishinda, na mwaka 2003 Jugnauth akang'atuka na kuwa Rais, Bérenger akashika usukani. Kweli, wananchi waliwaondoa madarakani mwaka 2005, lakini ahadi ilikuwa imetimizwa.

Sisi Wakenya tunayajua mambo haya. Viongozi wa Narc walitia sahihi hati ya maelewano mwaka 2002. Hati hiyo haikuheshimiwa, na kufikia kura ya maamuzi ya 2005 waliokuwa wandani walikuwa mahasimu.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, vyama vikija kwako vimeshikana mikono, usiulize vitapata viti vingapi. Uliza vimeandikiana nini, na mbona wewe unayeombwa kura hujaonyeshwa maandishi hayo. Ahadi ni deni, na mdai wa deni hili ni wewe.