Aliyepata Shamba Mwisho wa Masika

Kila mwaka masika yanapokaribia kwisha huwako jamaa katika miji yetu ya pwani wanaopata kipande cha ardhi kwa mara ya kwanza. Mmoja amekodi kwa mwenye shamba asiyeweza kulima pote. Mwingine ameazimwa na mjomba wake. Wengine ni vijana waliomaliza masomo, wakapewa na wazee wao hatua chache nje ya mji. Wakifika pale na jembe begani wakuta majani yamefika kiunoni, na mahindi ya jirani yamekwisha kutoa mbelewele. Hapo huja maneno ya namna mbili. Wako wanaowaambia, "Mmechelewa, ngojeni vuli." Na wako wanaowaambia, "Pandeni mahindi upesi upesi, Mungu ni mkarimu." Sisi twaona maneno yote mawili hayawafai.

Wala jambo hili si dogo. Fedha iliyolipiwa kodi ya shamba ni ile ile ambayo ingenunua unga wa nyumba. Mtoto aliyelima kwa bidii kisha akaona mahindi yakikauka bila ya kubeba aweza kulichukia jembe maisha yake yote. Na kijana aliyeambiwa angoje miezi mitano, huenda vuli ikaja naye hayupo tena, na shamba limekuwa msitu.

KUUJUA WAKATI

Sisi Waislamu huhesabu saumu na Haji kwa mwezi mwandamo, na hivyo ndivyo tulivyoamrishwa. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa hiyo mvua haifuati mwezi. Mwaka 2015 Ramadhani ilianza katikati ya Juni, masika yamekwisha. Mwaka 2025 ilianza mwanzo wa Machi, masika bado hayajashika. Basi mkulima hawezi kusema, "Kila Shaabani nitapanda." Wazee wetu wa pwani na visiwani walilijua hili, wakawa na mwaka wa Nairuzi ufuatao jua, wakauhesabu kwa miongo, kila mwongo siku 10, na kwa miongo hiyo wakapanga kulima kwao na safari zao za baharini.

Siku hizi kalenda ya ukutani yatosha, maadamu twajua kuisoma. Masika kwa desturi ni Machi hata Mei. Hufuata kipupwe, Juni hata Agosti, wakati wa ubaridi na upepo wa kusi, na mvua zake ni manyunyu tu, ambayo wazee huyaita mchoo. Kisha demani, na vuli huja Oktoba hata Disemba. Aliyepata shamba katikati ya Mei amebakiwa na maji ya wiki mbili tatu ardhini, baada yake manyunyu, baada yake ndoo.

Sasa tupime mahindi kwa hesabu hiyo. Mahindi yataka miezi mitatu hata minne, na kiu yake kubwa kabisa ni pale yanapotoa mbelewele na ndevu, yapata miezi miwili baada ya kupandwa. Yakipandwa katikati ya Mei, siku hizo za kiu zaangukia katikati ya Julai, wakati mvua imekwenda zake. Mabua yatasimama, majani yatapendeza, lakini gunzi litakuwa na punje za kuhesabika. Aliyechelewa asishindane na waliotangulia. Na apande kwa kipimo cha maji yaliyobaki.

SHAMBA HUPIMWA KWA MADEBE

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kupima shamba lake kwa hatua. Akiwa na hatua 40 kwa 20 ataka kuzilima zote. Sisi twamwambia ahesabu madebe. Mboga katika siku kavu yataka kama lita 5 za maji kwa kila mita mraba moja kwa siku. Debe la lita 20, basi, lamwagilia tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Nyumba iwezayo kuteka madebe manne kila siku, mawili alfajiri na mawili alasiri, ina matuta manne ya mboga. Hilo ndilo shamba lake la kipupwe, hata kama ardhi aliyopewa ni kubwa mara kumi.

Maji hayo nayo yahifadhiwe. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji. Yakimwagwa asubuhi, jioni yamekwisha zama. Changanya udongo na samadi iliyooza. Kinyesi kibichi cha kuku kisitiwe, kwa maana huunguza mizizi. Kirundikwe kwanza wiki kadhaa mpaka kipoe. Juu ya tuta tandaza majani makavu au makumbi ya nazi, ili jua lisiifikie ardhi. Makumbi, ambayo wengi wetu huyachoma, hunywa maji na kuyatoa polepole.

YA KUPANDA

La kwanza ni mchicha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Zichanganywe na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Baada ya wiki tatu hata nne chungu kiko jikoni. Twautanguliza kwa sababu mlimaji mpya ahitaji kuona tunda la jasho lake mapema, na watoto zaidi.

La pili ni kunde. Zipandwe nje ya matuta ya kumwagiliwa, katika unyevu uliobaki wa masika. Majani yake huchumwa baada ya mwezi mmoja, na punje huwa tayari baada ya miezi miwili hata mitatu. Ukiing'oa utaona vifundo vidogo katika mizizi. Ndivyo vinavyorudishia ardhi rutuba. Bamia nazo zafaa kwa tuta moja, huanza kuchumwa baada ya miezi miwili.

La tatu ni viazi vitamu. Kata marando ya urefu wa sentimita 30, yalaze katika matuta yaliyoinuliwa, sehemu kubwa iwe chini ya udongo. Yataka maji wiki mbili za kwanza tu. Yakishashika huvumilia ukavu, na viazi huchimbwa mwezi wa nne au wa tano, vuli inapobisha hodi.

Marando na mbegu za kunde si vya kununuliwa. Omba kwa jirani. Imepokewa kwamba Salman Al-Farsi (r.a.) alipotaka kujikomboa utumwani, bwana wake alimwekea sharti, pamoja na dhahabu, la kupandiwa mitende 300. Mtume (s.a.w.) akawaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao, nao wakaleta miche, huyu 30, huyu 20, huyu 10, kila mtu kwa uwezo wake, na Mtume akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Basi anayeanza asione haya kuomba, na aliyetangulia asione uzito kutoa. Marando unayompa jirani leo, mwakani utayaomba kwake.

MAAFIKIANO YA ARDHI

La nne lingekuwa muhogo, kwa kuwa huvumilia ukavu kuliko hayo yote. Lakini muhogo hukaa ardhini miezi 8 hata mwaka na zaidi, na aliyekodi kwa msimu mmoja hana haki ya kuuacha humo bila ya idhini ya mwenye shamba. Miti ya kudumu ndiyo zaidi. Pwani yetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na jamaa wangapi wamegombana kwa ajili hiyo!

Kwa hiyo andikeni: mipaka ni ipi, muda ni miezi mingapi, malipo ni kiasi gani, na mimea iliyobaki ni ya nani. Imepokewa kwa Rafii bin Khadij (r.a.) kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti ya kuchukua mazao ya sehemu fulani, kama vile kandokando ya mifereji, mara huzaa huku, kule pasizae kitu. Mtume (s.a.w.) akalikataza jambo hilo, ama kukodi kwa malipo yanayojulikana hakukukatazwa. Kwa mtu aanzaye mwisho wa masika jambo hili lina uzito, kwa kuwa mavuno yake hayana yakini. Alipe kodi ijulikanayo, na iwe ya miezi iliyobaki, si ya msimu mzima aliolima mwingine.

ARDHI ILIYOBAKI

Sehemu isiyolimwa isiachwe ikazaa mbegu za magugu. Majani yafyekwe kabla ya kuchanua, yatandazwe hapo hapo. Ndago ichimbwe pamoja na vifundo vyake, kwa sababu kuikata juu ni kuiongeza. Mnamo Agosti na Septemba chimbeni mashimo, tieni samadi. Vuli ikija mtakuwa mmekwisha kujua wapi maji hutuama, wapi mchwa wanakaa, na mbuzi wa nani hufunguliwa. Hayo hayajulikani kwa kungoja nyumbani.

Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimhimiza mtu mwenye mche mkononi aupande, hata kama Kiyama kinasimama, maadamu aweza kufanya hivyo. Mafundisho hayo hayakumwacha mtu yeyote na udhuru wa kuchelewa. Basi enyi vijana, ikiwa mmepata ardhi na mawingu yanatawanyika, chukueni jembe, hesabuni madebe yenu, na mpande mchicha wiki hii.

Wabillahi taufiki.