Gari la rimoti halifi lote kwa mpigo

Je, wajua kwamba gari la kuchezea lililopotelewa na rimoti yake linaweza kuendeshwa kwa rimoti ya gari jingine kabisa, la umbo jingine na la kiwanda kingine? Magari mengi ya bei ya chini kutoka China yamejengwa juu ya jozi moja ya chipu: TX-2 ndani ya rimoti na RX-2 ndani ya gari. Chipu hizo huzungumza kwa kuhesabu. Rimoti hutuma mapigo manne marefu ya kuamsha usikivu, kisha mapigo mafupi. Yakiwa 10, gari linakwenda mbele. Yakiwa 40, linarudi nyuma. 58 ni kushoto na 64 ni kulia. Gari linahesabu na kutii, bila kujali nani ameshika rimoti wala imetoka kwenye boksi gani. Aliyenunua gari lisilo na rimoti asome namba iliyobandikwa chini ya tumbo lake, 27 au 40 au 49 MHz, kisha atafute rimoti kuukuu yenye namba hiyo hiyo. Uwezekano wa kuelewana ni mkubwa.

Kwa watu wa bonde la Kilombero habari hiyo ina faida ya moja kwa moja. Magari haya mara nyingi hayatufikii yakiwa mapya kwenye boksi. Yanakuja ndani ya robota la mitumba pamoja na midoli na viatu vya watoto, yanamwagwa kwenye turubai siku ya mnada, gari huku na rimoti haijulikani iliko. Mengine huletwa na ndugu anayerudi kutoka Dar es Salaam au ng'ambo. Kule lilikotoka, gari lilitupwa kwa sababu saa moja ya fundi ni ghali kuliko gari jipya. Hapa Ifakara, mji wa bonde hili, hesabu imegeuka: fundi simu yuko jirani, muda upo, adimu ni fedha. Naamini kabisa kwamba gari la namna hii lina thamani zaidi hapa kuliko mahali popote lilipowahi kuwa, mradi anayelishika ajue kwamba halifi lote kwa mpigo. Lina umeme, lina usikivu, lina mota, lina miguu. Mara nyingi kimekufa kimoja, na vitatu vinasubiri. Anayekimbilia kununua betri mpya kabla ya kujua kilichokufa ameanza na gharama kubwa kuliko zote.

Basi tuanze pasipo na gharama, kwenye chumba cha betri. Hapo ndipo unyevu wa bonde hili unapofanya kazi yake. Ifakara imekaa chini, kando ya uwanda unaofurika mto Kilombero unapojaa wakati wa masika, na mvua za mwaka hupita milimita 1,000. Springi zilizoachwa na betri kuukuu ndani huota ukoko. Kabla ya kuukwangua, itazame betri iliyovuja. Ikiwa imeandikwa LR6, ni ya alkali: ute wake ni potasiamu haidroksaidi, na dawa yake ni tindikali nyepesi, yaani siki au maji ya ndimu. Ikiwa imeandikwa R6 bila L mbele, ni ya zinki na kaboni, jamaa ya yale mawe makubwa ya tochi na redio. Hiyo huvuja ute wenye tindikali, kwa hiyo ndimu haitauondoa ukali wake. Unahitaji magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Pamba iliyozungushwa kwenye njiti inatosha kupaka dawa. Kisha futa kwa maji safi kidogo, malizia na spiriti, acha pakauke, na usugue ncha za chuma kwa msasa laini mpaka zing'ae. Si ajabu gari likaamka hapo hapo, kabla hata ya skrubu moja kufunguliwa.

Lisipoamka, au likiamka na kusikia rimoti ikiwa karibu tu, tazama antena. Wimbi la 27 MHz lina urefu wa mita 11 hivi. Antena ya kulipokea vizuri, yaani robo ya wimbi, ingekuwa karibu mita 2.8, na hakuna gari la mtoto linaloweza kuburuta mkia wa namna hiyo. Ndiyo maana watengenezaji huweka waya mfupi na kuusaidia kwa koili ndogo kwenye saketi. Koili na waya vimepangwa pamoja. Mtoto akikata waya kwa wembe, mpango umevurugika na gari linakuwa kiziwi. Rudisha urefu uleule kama kipande kilichokatwa bado kipo. Kama hakipo, lehemu waya mwembamba wa nusu mita, kisha punguza sentimita chache chache huku mwenzako akirudi nyuma na rimoti, mpaka upate urefu unaosikia mbali zaidi.

Yapo magari ya 2.4 GHz, na hayo ni habari nyingine. Wimbi lake lina sentimita 12.5 tu, antena yake ni kijiwaya kifupi, na kila gari hufungamana na rimoti yake. Rimoti ya jirani mara nyingi haitakusaidia. Ushauri wangu hapa ni wazi: gari la 2.4 GHz lisilo na rimoti usilinunue, labda kama unataka mota na magurudumu yake.

Wazo la kuongoza chombo kwa redio lina umri mkubwa kuliko redio za nyumbani. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo aliyoiendesha bila waya. Magari ya kuchezea yalikuja baadaye sana: mwaka 1966 kampuni ya Kiitaliano, Elettronica Giocattoli, ilitoa Ferrari 250LM ya redio, na mwaka 1976 Tamiya ya Japani ikatoa Porsche 934 iliyoufanya mchezo huu ushike kasi duniani. Ukikutana na Tamiya kwenye turubai, ichukue hata ikiwa imevunjika, kwa kuwa magari ya aina hiyo yalitengenezwa ili yafunguliwe na kufungwa tena, na vipuri vyake vingi bado vinauzwa kimoja kimoja.

Sasa tuje kwenye mota. Itoe, unganisha nyaya zake mbili kwenye mita ya fundi iliyowekwa kupima volti ndogo, halafu zungusha ekseli yake kwa vidole. Mita ikisogea, koili ni nzima. Mota inayozungushwa huzaa umeme. Michael Faraday aliionyesha kanuni hiyo mwaka 1831, na bonde letu linaijua kwa ukubwa wake wote. Kule Kihansi maji yanateremka zaidi ya mita 800 kutoka juu ya milima ya Udzungwa na kuzungusha mitambo ya megawati 180 kabla ya kuungana na mto Kilombero. Kidatu, upande wa Ruaha Mkuu, ni megawati 204. Sumaku na koili za shaba zilizomo katika mota ya ukubwa wa kidole gumba zinatii sheria ileile. Mtoto wa Mang'ula au Mlimba anayeisogeza mita kwa vidole vyake ameshika mkononi jibu la swali la umeme wa nyumbani kwao unatoka wapi, na sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachoweza kumpa jibu hilo.

Mita isiposogea, tatizo mara nyingi liko kwenye kaboni mbili zinazogusa shaba inayozunguka. Vumbi la kiangazi hujipaka hapo likachanganyika na grisi kuukuu. Tone la spiriti kupitia tundu la mota, zungusha, rudia. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bushi kila upande. Mafuta ya kupikia yakae mbali, kwa kuwa huganda na kunasa mchanga.

Fundi akibadilisha mota, mara nyingi husahau jambo moja dogo. Kwenye mgongo wa mota ya zamani hukaa kapasita ndogo, moja au hata tatu, zimeandikwa 104. Zinaonekana kama mapambo, na mota huzunguka bila hizo. Lakini kila kaboni inaporuka juu ya shaba huzaa cheche, na cheche hurusha mawimbi ya redio. Mitambo ya kwanza ya redio ya Marconi ilitangaza kwa cheche hasa. Bila kapasita, mota inageuka kituo cha redio kinachopiga kelele sentimita chache kutoka kwenye sikio la gari lenyewe. Gari linashtukashtuka, linakata kona bila kuamriwa, na mwenye gari anailaumu rimoti. Hamisha kapasita za zamani kwenda kwenye mota mpya na utulivu unarudi.

Gari likinguruma na magurudumu yakagoma, mara nyingi gia ndogo ya plastiki iliyo kwenye ekseli ya mota imepasuka. Huo ni ugonjwa wa kawaida mno. Deki ya DVD iliyokufa ina gia za namna hiyo ndani ya kile kitoa sahani. Hesabu meno na upime tundu kabla ya kuamini kwamba inaingia.

Sasa betri, kwa maana hapa ndipo fedha inapotoka. Pakiti nyingi za zamani ni za nikeli na kadimiamu, zimeandikwa Ni-Cd, kila seli ikiwa na volti 1.2: seli nne ni volti 4.8, sita ni 7.2. Zikikaa miaka bila chaji, mara nyingi hazirudi. Kwa gari dogo la volti 4.8, ninayoipenda ni betri ya simu ndogo aina ya BL-5C, ileile inayoingia kwenye redio nyingi za mkononi. Ina volti 3.7 na ndani yake kuna kinga inayokata umeme ukizidi au ukipungua kupita kiasi. Gari litakwenda polepole kidogo kuliko lilivyozaliwa, na likinasa kwenye tope kinga inaweza kukata; liachie kidogo, litaendelea. Redio iliyokufa inaweza kutoa betri, kitundu cha chaji na swichi kwa pamoja, na mkono wa fundi simu ukamaliza kazi.

Kwa gari kubwa la volti 7.2, seli mbili za 18650 zikifuatana hutoa volti 7.4. Zimo ndani ya betri nyingi za kompyuta mpakato zilizotupwa, kwa sababu betri nzima hukataliwa hata kama seli chache tu ndizo zimechoka. Hapa sina mzaha. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5, iliyoota kutu au inayopata joto wakati wa chaji haifai kufufuliwa. Chaja ya zamani ya Ni-Cd isiguse kamwe betri ya lithiamu. Tumia chaja ya lithiamu inayosimama kwenye volti 4.2 kwa kila seli, na weka bodi ya kinga. Moto wa lithiamu ndani ya nyumba ya makuti hautoi nafasi ya kujaribu tena.

Na ile pakiti ya kadimiamu uliyoitoa? Naomba isitupwe shimoni, isichomwe na takataka, isirushwe mtaroni. Bonde hili linalisha watu kwa mpunga, na mpunga ni mmea unaofyonza kadimiamu kutoka kwenye udongo na kuipeleka hadi kwenye punje. Japani iliyajua hayo kwa maumivu. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka iliingia mtoni, ikafika mashambani, na wakulima waliokula mchele wao wenyewe wakapata ugonjwa wa figo na mifupa laini iliyovunjika hata kwa kukohoa. Serikali iliutambua rasmi mwaka 1968. Pakiti moja ya gari la mtoto si mgodi, hilo ni kweli, lakini kadimiamu haiozi na haiondoki. Uwanda wa Kilombero umeorodheshwa tangu 2002 katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, na maji yake yanazunguka kutoka mtaro hadi jaruba na kurudi mtoni. Funika ncha za pakiti kwa utepe wa umeme, itie kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na watoto, na izisubiri nyingine za fundi mpaka zipatiwe mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2006 kuzizuia betri hizi katika sehemu kubwa ya matumizi ya nyumbani. Gari kuukuu linalotoka huko laweza kuwa ndilo linalozileta kwetu.

Gamba la nje la gari halihitaji maneno mengi: sabuni, maji, mswaki. Ufa kwenye plastiki ngumu ya ABS huzibwa kwa vipande vya plastiki ileile vilivyoyeyushwa katika asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha. Tairi zilizokakamaa huvishwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na mji wa baiskeli kama Ifakara haukosi mipira iliyokwisha viraka. Mpira huo hushika udongo vizuri kuliko tairi la awali, lililokusudiwa kukimbia kwenye sakafu.

Gari likishakwenda, litatafutiwa mwenzake wa kushindana nalo. Kabla ya kununua la pili, soma tena ile namba ya tumboni. Magari mawili ya 27 MHz yakiwa uwanja mmoja husikia rimoti zote mbili, mapigo yanachanganyika, na hakuna linalohesabu sawasawa. Wenye vifaa vizuri hugawana nafasi ndani ya 27 MHz kwa kubadilisha kristali, kuanzia 26.995 hadi 27.255, kila moja na rangi yake. Kwenye turubai la mnada njia rahisi ni moja: la kwanza likiwa la 27, la pili liwe la 40 au 49.