Matembezi ya Asubuhi Bonde la Jangwani: Jinsi ya Kuisoma Njia ya Maji

Mkazi anayetoka Magogoni alfajiri, wakati kivuko kinashusha abiria wa kwanza kutoka Kigamboni na mnada wa samaki pale Feri umeanza kuchangamka, hahitaji safari ndefu ili kulifikia jangwa. Akiifuata Barabara ya Morogoro na kuipita Fire, akaiacha Kariakoo upande wa kushoto, ardhi huteremka na mbele yake hufunguka uwanda mpana wa mchanga na majani mafupi. Hapo ndipo Jangwani.

Jina hilo humpotosha mgeni. Uwanda huo ni tandiko la Mto Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu, ukasafiri takriban kilomita 35 na kupokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mto hujikunyata ukawa kijito chembamba, na watu hukatiza bondeni kwa miguu: wanafunzi, wachuuzi, na wanaofanya mazoezi ya asubuhi. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi kwa matembezi hayo.

Atembeaye kwa makini ataona kuwa maji yameacha maandishi yao kila mahali. Mchanga mzito wenye changarawe huonyesha mahali mkondo ulipopita kwa kasi. Tope laini lililopasuka kama vigae huonyesha mahali maji yalipotuama. Tazama pia mifuko na matambara yaliyonasa kwenye matawi na nguzo. Kimo chake ndicho kimo cha mafuriko yaliyopita, na mara nyingine hukizidi kimo cha mtu mzima. Kingo zilizoliwa na maji upande wa chini hubaki zimening'inia na huweza kuporomoka hata siku ya jua kali, kwa hiyo watoto wasiachwe kucheza juu wala chini yake.

Jambo lililo gumu kuaminika ni hili: mto huweza kujaa Jangwani ilhali Kariakoo hakuna hata manyunyu. Mvua ikinyesha Pugu na Ubungo, maji hushuka yote kuelekea kwetu, tena upesi, kwa sababu mabati, saruji na lami havinywi maji. Wenzetu wa Oman huziita njia za namna hii wadi, na Aprili 2024 huko wanafunzi waliokuwa garini walisombwa na maji ya wadi. Hapa kwetu, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wapenzi wa Yanga nao hawahitaji kusimuliwa. Wameuona uwanja wa Kaunda ukigeuka bwawa mara nyingi.

Bahari nayo ina sehemu yake. Wakati wa bamvua, ambayo watu wa Magogoni wanaijua vyema, maji ya bahari yaliyojaa huyazuia ya mto yasitoke, nayo hurudi nyuma na kutanda bondeni. Takataka na mchanga uliorundikana mtoni huongeza tatizo hilo. Ndiyo sababu Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022 na kusimamiwa na TARURA, unahusu kuupanua mkondo na kuliinua daraja la Jangwani. Palipozungushiwa uzio wa ujenzi pasipitwe, hata kama njia ya zamani ilikuwa hapo.

Vaeni viatu vilivyofunika miguu, maana maji ya Msimbazi hubeba majitaka, na mkirudi nyumbani mnawe kwa sabuni. Wakati wa masika na vuli, mzazi ampitishe mwanawe barabarani, ingawa ni mbali zaidi. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kubeba vijiti na povu, pandeni upande mlio karibu nao zaidi, msijaribu kuvuka kufuata mizigo wala viatu. Akionekana mtu aliyezingirwa na maji, pigeni simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.