Ndizi Mzuzu Iliyoiva: Nyeusi Si Mbovu, Lakini Isiliwe Peke Yake



Nani kati yetu hajaiona sokoni, iwe ni Oyugis, Rongo au Migori? Ndizi ndefu, nene, yenye pembe, imewekwa pembeni na ganda lake limekuwa jeusi. Mnunuzi anaishika, anaibonyeza, anairudisha. "Aa mama, hii imeoza." Jioni mama wa soko anaitupa, au anabeba nyumbani kwa ng'ombe. Kumbe huo ulikuwa mlo wa watoto watatu.

Katika toleo hili tungependa kuzungumza juu ya kupika ndizi mzuzu iliyoiva. Tuna mambo mawili ya kusema. La kwanza ni la jikoni. La pili tulijifunza kwa aibu, na tutalieleza bila kuficha.

NI NDIZI GANI HII?

Kwa Kidholuo ndizi zote tunaziita rabolo, na hapo ndipo tunapochanganya mambo. Kuna ndizi ya kula ikiwa imeiva, bila kupikwa. Kuna matoke, ambayo hupikwa ikiwa ya kijani, kama jirani zetu wa Kisii wanavyojua sana. Halafu kuna hii ya tatu. Watu wa Pwani huiita mzuzu, na ile kubwa zaidi huitwa mkono wa tembo. Waganda huiita gonja. Hii hupikwa ikiwa mbichi, na hupikwa hata ikiiva.

Ndizi ikiwa ya kijani, ndani imejaa wanga. Ikiendelea kuiva, wanga hugeuka kuwa sukari kidogo kidogo. Ganda linatoka kijani kuwa njano, kisha linapata madoa, na mwisho linakuwa jeusi. Mzuzu hubaki na wanga mwingi hata ukiwa wa njano. Ndiyo sababu ukiutafuna bila kuupika unakuwa mgumu na mkavu mdomoni. Ukiwa mweusi ndipo utamu umekamilika.

Basi utajuaje kama ni mbovu? Usiangalie rangi peke yake. Ndizi mbaya ina ukungu, inatoa maji, au inanuka kama pombe. Kama ganda ni jeusi lakini ndani ni njano, imeshikana na inanukia vizuri, hiyo ni chakula.

Ukinunua ya kijani na unataka iive upesi, ivundike. Weka kwenye mtungi, gunia au katoni, pamoja na ndizi nyingine mbivu au avokado lililoiva, halafu funika. Matunda yanayoiva hutoa hewa fulani inayoamsha mengine. Wazee wetu waliochimba shimo na kulifunika kwa majani ya mgomba walikuwa wanatumia ujuzi huo huo.

NJIA NNE ZA KUPIKA

1. Kuchemsha na ganda lake. Hii ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa sababu haihitaji mafuta. Osha ndizi, kata ncha zote mbili, chana ganda mstari mmoja kwa urefu, kisha kata vipande viwili au vitatu. Tia kwenye sufuria, maji yafunike ndizi tu. Funika uchemshe dakika 10 hadi 15. Ganda likianza kuachana na nyama, ipua. Wengi hukimbilia kumenya kwanza. Usifanye hivyo: ganda huzuia utamu usiishie kwenye maji, na ndizi haivurugiki.

2. Kuchoma. Menya, uweke juu ya makaa yaliyotulia, si kwenye moto unaowaka. Sukari huungua haraka, kwa hivyo geuza mara kwa mara mpaka pande zote ziwe na rangi ya kahawia. Aliyesafiri kwa basi kupitia Jinja kwenda Kampala ameona pale Namawojjolo vijana wakikimbilia madirishani na gonja ya kuchoma. Ni biashara kamili, na mtaji wake ni jiko na makaa.

3. Kukaanga. Tumia ndizi ya njano yenye madoa. Ile nyeusi kabisa hunywa mafuta mengi na kuvunjika. Kata vipande vya mshazari, unene wa kidole kidogo. Mafuta yafunike chini ya karai tu, yawe ya moto lakini yasitoe moshi. Dakika mbili au tatu kila upande zinatosha. Mafuta yakishakuwa meusi na kutoa povu, usiyarudishe kwenye chupa ati ni kuokoa pesa.

4. Kwa nazi au maziwa. Akina mama wa Pwani hupika hivi hasa mwezi wa Ramadhani. Menya ndizi nne, kata vipande, tia tui jepesi vikombe viwili na iliki kidogo. Zikishalainika, ongeza tui zito kikombe kimoja, uache lichemke polepole bila kufunika. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria tu. Sukari si lazima, ndizi yenyewe ni tamu. Huku kwetu nazi ni ghali, kwa hivyo maziwa ya ng'ombe yanafaa pia, ukiyatia mwishoni kwa moto mdogo.

Na ile iliyolainika mno? Iponde, uchanganye na unga, ukaange vikate vidogo. Waganda hufanya hivyo kwa ndizi tamu ndogo na unga wa muhogo, wakaviita kabalagala.

Neno moja kwa wenye ugonjwa wa sukari: mzuzu mweusi hupandisha sukari mwilini upesi. Chagua ambao haujaiva sana, uchemshwe, kipande kidogo, na ufuate maagizo ya kliniki yako.

MAHALI TULIPOKOSEA

Sasa tuje kwenye jambo la pili. Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ndhiwa. Tulichemsha ndizi mbivu, tukaziponda, watoto wakala wakafurahi. Tukaisifu ndizi kweli kweli: ina nguvu, ina potasiamu, ile yenye nyama ya rangi ya machungwa inasaidia mwili kupata vitamini A. Yote hayo ni kweli. Tukafunga mkutano, tukaenda zetu.

Tuliporudi baada ya miezi miwili, mama mmoja alikuja na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amemwachisha kunyonya kwa sababu alikuwa na mimba nyingine. Mtoto hakucheza wala hakutabasamu. Miguu ilikuwa imejaa na ngozi inang'aa. Majirani wengine walisema amenona. Wengine walinong'ona kwamba ni chira. Nyanya yake ndiye aliyesema, "Huyu ni mgonjwa, mpelekeni."

Alipelekwa hospitali, akalazwa wiki kadhaa, akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini maneno ya yule mama hayajatutoka. Alituuliza, "Si ninyi mlisema ni chakula kizuri? Nilimpa asubuhi, mchana na jioni." Tulikosa jibu. Alikuwa ametusikiliza vizuri. Sisi ndio tuliofundisha nusu ya somo.

Ugonjwa ule unaitwa kwashakoo. Jina lenyewe limetoka kwa Waga wa Ghana, na Dakta Cicely Williams ndiye aliyelipeleka kwa madaktari wa dunia miaka ya 1930. Kwa Waga ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa titini mdogo wake anapokuja. Wataalamu wanasema chanzo chake si kimoja, lakini mara nyingi huonekana pale mtoto anapolishwa wanga mtupu siku baada ya siku, iwe ni ndizi, muhogo au uji mweupe.

Angalieni hesabu hii. Gramu 100 za mzuzu zina protini kama gramu 1 tu. Karanga za uzito huo huo zina karibu gramu 25, maharagwe makavu zaidi ya 20, na omena kavu zaidi ya 50. Karanga na omena si vitu vya kigeni kwetu. Viko shambani na ziwani.

Huko Kampala, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika Hospitali ya Mulago kimewahudumia watoto wa namna hii tangu miaka ya 1960. Akina mama wa Uganda hufundishwa kupika kitobero, yaani chakula cha mchanganyiko: ndizi au chakula kingine cha nguvu, pamoja na maharagwe au karanga, samaki au maziwa, na mboga za majani. Hakuna kitu kinachobaki peke yake.

NDIZI YA MTOTO, JINSI YA KUITENGENEZA

Mtoto aanze vyakula hivi akifika miezi sita, huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili na zaidi.

– Chemsha ndizi moja na ganda, menya, uponde iwe laini.
– Chagua omena safi, toa vichwa, kaanga bila mafuta, twanga na uchekeche. Au tumia karanga zilizokaangwa na kusagwa laini sana. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe kabisa, zina sumu.
– Tia vijiko viwili vya unga huo ndani ya ndizi, na mafuta kidogo. Mafuta husaidia mwili kuchukua vitamini A.
– Mlo mwingine badilisha: maharagwe yaliyopondwa, yai lililoiva, au maziwa. Ongeza mboga za majani zilizokatwa laini.

Mtoto wa miezi sita aanze na vijiko viwili au vitatu, akiongezewa mpaka nusu kikombe. Akifika mwaka mmoja, apate robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku.

Kama una wasiwasi, bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu tatu. Alama ya shimo ikibaki, usingoje kesho. Mhudumu wa afya wa kijiji ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari, chini ya 12.5 ni onyo. Kumpima mtoto hakuvunji mila ya mtu. Wazee wazungumze ya kwao, lakini mtoto awe tayari njiani kwenda hospitali.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni chakula gani tunachotupa sokoni au nyumbani kwa sababu ya sura yake tu?
2. Mtoto wa mwisho katika boma lako jana alikula nini pamoja na wanga?
3. Mama akipata mimba upesi, akina baba, nani anamwangalia yule aliyeachishwa kunyonya?

Akina mama na akina baba, jaribuni mapishi haya. Na mkienda kumfundisha jirani, msifundishe nusu kama sisi. Mkimpa ndizi, mpeni na omena.