Zorro Naye Alikuwa Mtu wa Masomo

Wandugu, kwetu Barumbu Zorro ikianza kwenye simu ya mutu, watu wanasogea: mwanafunzi, mama wa makemba, mpaka kijana wa toleka anaegemeza kinga yake. Ni ya zamani sana hiyo. Disney waliionyesha Marekani kuanzia 1957 mpaka 1959, vipindi 78, nyeusi na nyeupe. Sisi tunaiangalia kwa Kifaransa. Sasa kwa nini haituchoshi?

Upanga na farasi Tornado vinapendeza, ndiyo. Lakini angalieni mwanzo wake. Mwaka 1820 Diego anarudi California kutoka masomo Hispania, anakuta kapteni Monastario anatesa watu. Hapigani palepale. Anajifanya mtu wa vitabu tu, mwoga, mpaka baba yake anaona haya. Bernardo, mtumishi wake bubu, anajifanya kiziwi pia. Wakubwa wanasema siri zao mbele yake. Utamu uko hapo: sisi tunajua, mkubwa hajui.

Mimi nilikuwa nacheka zaidi Sajenti Garcia. Si mutu mubaya. Ana huruma, anapenda divai, lakini akiambiwa afunge mtu, anafunga.

Kwenye kazi yangu ya kwanza nilipewa liste ya watu waliolipwa. Wengine sikuwahi kuwaona hata siku moja. Mkubwa akasema, "Weka sahihi." Niliweka.

Jioni ile Garcia alipotokea, wote walicheka. Mimi hapana.