DAMU KATIKA CHOO: SI KILA MARA NI AMIBA



Katika makambi yetu mutu akiona damu katika choo anasema mara moja: « Ni amiba. » Anakwenda sokoni, ananunua metronidazoli, anameza siku mbili, anaacha. Kweli, amiba huleta damu, na mikrobu zingine vilevile. Lakini kama damu inarudi-rudi, ao kuhara kunapita majuma 4, pengine ni ugonjwa mwingine: rektokolite.

Ni ugonjwa gani?

Utumbo mukubwa una urefu wa karibu metre 1 na nusu. Katika rektokolite, ngozi yake ya ndani inavimba, inapata vidonda, inatoka damu. Ugonjwa unaanzia chini, karibu na njia ya choo, na unaweza kupanda. Kwa hiyo mugonjwa anasikia haja kila wakati, lakini akichuchumaa anatoa damu na makamasi tu. Askari wa mwili, wanaotulinda na mikrobu, ndio wanaoshambulia utumbo wenyewe. Hauambukizi: watoto wanaweza kula naye sahani moja. Wala si kulogwa: munganga Samuel Wilks wa London aliuandika tangu mwaka 1859.

Kwa nini kupima mbele ya dawa?

Prednisoloni inatuliza rektokolite kwa kupunguza nguvu ya askari wa mwili. Lakini mutu mwenye amiba akiimeza, amiba zinapata njia: utumbo unaweza kutoboka, na mutu kufa. Kwa hiyo tunaangalia choo kwanza katika laboratwari. Kisha munganga anaangalia utumbo kwa kamera na kukata kipande kidogo cha kupima.

Namna ya kuishi nao

1. Sulfasalazini ao mesalazini humezwa kila siku, hata damu ikiisha. Sulfasalazini inaweza kugeuza mukojo rangi ya machungwa, usiogope.
2. Usiache prednisoloni kwa ghafula.
3. Mugongo ukiuma, usimeze ibuprofeni ao diklofenaki bila kuuliza. Zinaweza kuamusha ugonjwa.
4. Siku za kuhara, punguza pilipili, pombe na sombe. Kula wali, samaki, ndizi. Kunywa maji mengi yaliyochemushwa, zaidi wewe unayeshuka chini ya udongo penye joto.
5. Mwambie kapita wako, akuweke karibu na choo.
6. Baada ya miaka 8, kamera irudiwe, maana kansa ya utumbo inaweza kuingia.

Hatari!

Ukienda choo cha damu mara 6 ao zaidi kwa siku, pamoja na homa, ao moyo unapiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, ao tumbo linavimba, kimbia lopitali siku ileile.

Na wewe unayeficha damu tangu miezi, kesho asubui pita dispanseri mbele ya kazi. Leta choo kipya katika chupa safi, si cha jana: amiba zikipoa hazitembei tena, na mikroskopu haitazitambua vizuri.